Mariners 2022: timu iliyokaa mlangoni miaka 21

Jumamosi, tarehe 1 Oktoba 2022, saa moja na kitu asubuhi, niko zangu jikoni nasubiri maji ya chai, simu ikalia WhatsApp mara tatu mfululizo. Shemeji. Shemeji yangu anakaa Kent, kusini kidogo mwa Seattle, na kule kwao ilikuwa bado Ijumaa usiku. Voisi ya kwanza sekunde nane, hakuna neno hata moja, kelele tupu kama za watu walio kwenye harusi umeme ukarudi. Ya pili anahema tu. Ya tatu ndo akaongea: "Shem, tumeingia. Tumeingia shem." Alafu akaanza kulia, mtu mzima, baba wa watoto watatu.

Mi nikajua makaratasi yake yametoka.

Kumbe besiboli. Seattle Mariners wamekata tiketi ya kucheza mtoano. Na sio kwamba wamechukua ubingwa, hapana, hata kundi lao hawakuongoza, wamepita kwa waildikadi, ile nafasi ya waliokosa kuongoza kundi ila wameshinda mechi nyingi kuliko wenzao. Yaani kwa lugha yetu wamepita kama "best loser" halafu jiji zima linalia barabarani. Nikamuuliza, sasa mnalia nini, akanijibu ndefu sana na mi nikaanza kufuatilia, na hicho ndo kisa ninachotaka kukichambua hapa, kwa sababu kadiri nilivyochimba nikaona machozi yale yana hesabu zake.

Kwa ambaye hajui: ligi ya besiboli ya Marekani ina mechi 162 kwa msimu, miezi sita, karibu kila siku mnacheza. Ukimaliza zote hizo na hujaingia mtoano, umerudi nyumbani na hakuna cha kombe la pembeni. Mariners walianza 1977 na wakakaa mpaka 1995 ndo wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza, na waliingia kwa namna ya sinema, mwanzoni mwa Agosti walikuwa nyuma ya Angels kwa mechi 13, mwisho wa msimu wakawa sawa sawa, ikabidi ichezwe mechi moja ya nyongeza tarehe 2 Oktoba, mrushaji wao Randy Johnson akarusha mechi nzima peke yake wakashinda 9-1. Siku chache baadaye wakawatoa Yankees iningi ya 11 (iningi ni raundi ambayo kila timu inapata zamu ya kupiga, mechi ya kawaida ina tisa) kwa pigo la Edgar Martínez, Ken Griffey Jr. akakimbia kutoka besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne, mpaka nyumbani, ambapo ndo pointi inapohesabiwa. Watu wa Seattle wanasema pigo lile ndo lililookoa timu isihamishwe mji. Wakaingia tena 1997, 2000, na 2001.

2001 naomba nisimame kidogo. Mwaka ule walishinda mechi 116, rekodi waliyofikia Chicago Cubs tu mwaka 1906, na mpigaji Ichiro Suzuki ndo kwanza katua kutoka Japani. Walijihakikishia ubingwa wa kundi tarehe 19 Septemba, siku nane tu baada ya yale mashambulizi ya New York na Washington, siku mbili baada ya ligi kurudi kuchezwa. Kwa hiyo hakuna aliyemwaga shampeni. Wachezaji waliingia uwanjani, wakapiga magoti katikati, wakaizungusha bendera taratibu, mashabiki wamesimama. Nadhani hapa ndo kuna kitu ambacho watu hawakitaji sana: mara ya mwisho mji ule kukata tiketi, haukushangilia. Shangwe ile iliwekwa pembeni, ikakaa pembeni miaka 21.

Kwa sababu baada ya hapo, kimya.

Sasa watu wakisikia timu imekosa mtoano misimu 20 mfululizo wanafikiri ilikuwa mbovu misimu yote 20. Kuna miaka ilikuwa mbovu kweli, 2004 walipoteza 99, 2008 wakapoteza 101, 2010 tena 101, hiyo haina utetezi. Ila angalia mingine. 2002 walishinda 93 wakakosa. 2003 walishinda 93 wakakosa tena. 2007 walishinda 88, wakakosa. 2014 walishinda 87, Oakland wakashinda 88. Mechi moja. 2021 walishinda 90 wakakosa siku ya mwisho kabisa ya msimu.

Na mlango wenyewe ulikuwa mwembamba. Tangu 1995 kila upande wa ligi ulikuwa na waildikadi moja tu, 2012 zikawa mbili, 2022 zikawa tatu. Nilikaa jioni moja na msimamo wa kila mwaka nikajaribu kuupitisha kwenye mlango wa sasa hivi wa waildikadi tatu, kila upande na makundi yake matatu, na unajua nini kinatokea? 2002 wanaingia. 2003 wanaingia. 2007 wanaingia. 2014 wanaingia. 2018 na 2021 wanakosa kwa mechi moja moja. Kwa hiyo ule ukame unaoitwa wa miaka 21, kwa sheria za leo ungekatika mara nne. Halafu ajabu ya Mungu, mwaka pekee katikati hapo ambao mlango ulifunguliwa wazi, 2020 mwaka wa korona, timu 16 zikaruhusiwa, mechi 60 tu, Houston wakaingia na ushindi 29 na vipigo 31, yaani wamepoteza nyingi kuliko walizoshinda na wameingia, Mariners wakapata 27. Mkosi ukiamua kukaa kwako unatandikiwa na mkeka.

Lakini hizo ni namba, na namba peke yake hazimlizi shemeji yangu. Kinachomliza ni namna walivyokuwa wanakosa.

Chukua 28 Septemba 2014, Jumapili, siku ya mwisho. Felix Hernández anarusha. Huyu Felix wanamwita King, alikuja klabuni 2005 akiwa kinda, 2010 akachukua tuzo ya mrushaji bora, 2012 akarusha mechi kamili, wapigaji 27 wamekuja na 27 wametolewa hakuna aliyefika hata besi ya kwanza, na muda wote huo akakataa kuondoka, kila mtu anamwambia baba nenda kwenye timu kubwa uchukue pete ya ubingwa, yeye kabaki. Siku ile Mariners wanahitaji vitu viwili, washinde wao, na Oakland wapoteze kule Texas. Kwa wao sawa, wanaongoza. Ila kwenye ubao wa matokeo inaonekana Oakland nao wanaongoza. Uwanja mzima una macho mawili, moja kwenye mechi moja kwenye ubao. Iningi ya sita matokeo ya Texas yakaja, Oakland wameshinda 4-0, kwisha. Kocha akatoka kwenda kumchukua Felix, na watu wote wakasimama kumpigia makofi mtu ambaye anaongoza mechi yake na dakika ile ile ametolewa kwenye mashindano na mechi inayochezwa uwanja mwingine. Wakashinda 4-1, ushindi usio na kazi. Felix akaondoka 2019 hajawahi kurusha mpira hata mmoja wa mtoano. Hata mmoja.

Sisi tunaoshangilia Taifa Stars tunaijua hiyo hali vizuri tu. Machi 2019 pale Taifa tunaipiga Uganda 3-0 na bado kila mtu ameinamia simu kuangalia Cape Verde na Lesotho, tukafuzu Afcon baada ya miaka 39. Tofauti ni kwamba sisi tulipiga hesabu za wengine na zikakubali. Wale walipiga hesabu za wengine kila Septemba na hazikubali.

Alafu 2021 wakarudia tena. Timu ile haikuwa na haki ya kuwa pale, naomba mnielewe, msimu mzima walifungwa ran (ndo pointi za besiboli) 51 zaidi ya walizofunga, timu ya namna hiyo kawaida inapoteza mechi nyingi kuliko inazoshinda, ila wao walikuwa wanashinda zile za tofauti ya ran moja moja, 33 walishinda na 19 tu wakapoteza. Mashabiki wakaanza kwenda uwanjani na mabango ya "Believe". Siku ya mwisho, 3 Oktoba, uwanja umejaa, wakafungwa na Angels 7-3. Kyle Seager, amecheza pale misimu 11 na mkataba unaisha, akatolewa iningi ya tisa ili watu wamuage, wachezaji wenzake wakamkumbatia mmoja mmoja pale pale uwanjani, anabubujika machozi. Misimu 11, mtoano sifuri.

Kwa hiyo 2022 ilipoanza kila mtu ana deni la mwaka uliopita kifuani, na timu ikaanza vibaya. Tarehe 19 Juni walikuwa na ushindi 29 na vipigo 39. Wengi walishazima redio. Halafu wakaamka, Julai wakashinda mechi 14 mfululizo mpaka mapumziko ya katikati ya msimu, mwisho wa mwezi wakamnunua mrushaji Luis Castillo kutoka Cincinnati kwa kutoa vijana wanne, na wana yule kijana Julio Rodríguez, miaka 21, amezaliwa Desemba 2000, maana yake mara ya mwisho Mariners kucheza mtoano Julio alikuwa anatambaa. Kuanzia ile Juni mpaka mwisho walishinda 61 wakapoteza 33.

Septemba ikaja na ile hesabu yao. Wenyewe wanaiita namba ya maajabu. Unachukua 163, ambayo ni mechi za msimu ukiongeza moja, unatoa ushindi wako, unatoa vipigo vya anayekufukuza. Inayobaki ndo idadi ya mambo mema yanayotakiwa kutokea, wewe kushinda au yeye kupoteza, vyovyote. Asubuhi ya Ijumaa 30 Septemba Mariners wana ushindi 85, Baltimore anayewafukuza ana vipigo 76. Piga mwenyewe: inabaki mbili, ila wakilingana na Baltimore wanaopita ni Mariners, kwa hiyo kwa kweli inabaki moja. Uzuri wa namba hii ni kwamba haipandi, inashuka tu au inasimama. Ubaya wake ni kwamba inaweza kusimama kwenye moja siku tatu na wewe ukazeeka.

Usiku ule wanacheza nyumbani na Oakland, haohao wa 2014, ila sasa Oakland ni hoi, mwaka ule walimaliza na vipigo 102. Watu zaidi ya 44,000 uwanjani. Shemeji hakuwa uwanjani, alikuwa kazini, anaendesha gari la mizigo na anasikiliza kwa redio, na anavyohadithia ni kwamba iningi ya kwanza na ya pili kila timu ikapata ran moja, alafu ikagoma. Iningi ya tatu, nne, tano, sita, hakuna kitu. Logan Gilbert anarusha vizuri, iningi nane kaachia ran moja tu, ila wapigaji wake wamekufa ganzi mbele ya timu ya mkiani. We fikiria, miaka 21, na mlango umebaki wazi kama ufa, na unashindwa kuusukuma mbele ya watu wasio na cha kupoteza. Shemeji anasema iningi ya nane alisogeza gari pembeni, maana aliona atagonga mtu.

Iningi ya tisa, nusu ya chini, yaani zamu ya wenyeji kupiga, 1-1. Outi ya kwanza. Outi ya pili, na ikifika ya tatu zamu imekwisha. Hapo kocha Scott Servais akamtoa mpigaji aliyekuwa zamu yake akamweka Cal Raleigh.

Raleigh ni mdakaji, miaka 25, jamaa mkubwa, wachezaji wenzake wanamwita Big Dumper kwa sababu ya makalio yake, na hakuna anayeficha wala yeye mwenyewe hakasiriki. Aprili ya mwaka uleule walimrudisha timu ya chini kwa sababu alikuwa hagusi mpira kabisa, akaitwa tena kwa kuwa mdakaji mwenzake ameumia bega. Na usiku ule hakuanza kwa sababu ana dole gumba la kushoto bovu, na baadaye ndo ikajulikana ubovu wenyewe ni mfupa umevunjika na kano imechanika, yaani mkono anaodakia. Kakaa benchi karibu saa tatu, mwili umepoa, anaambiwa nenda.

Hesabu ya mipira ikafika tatu mbili, boli tatu straiki mbili. Hapo hakuna kujificha, mpira unaofuata kama mbaya unakwenda besi ya kwanza bure, kama mzuri na umeukosa, iningi imekwisha mnaenda nyongeza. Domingo Acevedo akarusha, Raleigh akaupiga juu sana upande wa kulia, karibu na ule mstari wa pembeni. Na hapa ndo ile voisi ya sekunde nane inaanzia. Ukiisikiliza kwa makini kuna redio nyuma, mtangazaji ni Rick Rizzs, mzee ambaye ametangaza timu hii tangu miaka ya 80, sauti inapanda inapanda, alafu shemeji anaifunika na kelele zake. Mpira ukagonga jengo la mgahawa kule juu nyuma ya ukuta. Hom rani, yaani mpira umevuka ukuta na mpigaji anazunguka besi zote mpaka nyumbani. 2-1. Hakukuwa na haja ya kumsubiri Baltimore, hakukuwa na ubao wa kuangalia, hakukuwa na mechi ya Texas.

Na mi naona hapo ndo penye jibu la swali langu la asubuhi ile. Wangeweza kupita kwa Baltimore kufungwa, wachezaji wamekaa chumbani wanaangalia tv, timu nyingi hupita hivyo na wanamwaga shampeni vilevile. Sidhani kama shemeji angelia. Alichokuwa anakililia ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu awe shabiki hakuomba msaada kwa timu nyingine. Kuna huzuni moja ndani yake lakini, mtangazaji wao wa kwanza kabisa, Dave Niehaus, aliyekuwepo tangu 1977, alifariki Novemba 2010, kwa hiyo sauti iliyowafundisha watu wale besiboli haikuwepo kusema imetokea.

Mtoano wenyewe nitaupitisha haraka. Walikwenda Toronto, mechi ya pili wako nyuma 8-1 wakarudi wakashinda 10-9. Wakakutana na Houston, wakafungwa mbili za ugenini, na tarehe 15 Oktoba mtoano ukarudi Seattle baada ya miaka 21: iningi 18, saa sita na dakika 22, watu wameweka viatu kichwani kuomba bahati, sifuri sifuri mpaka iningi ya 18 Jeremy Peña akapiga hom rani, 1-0, kwaherini. Mji ule umesubiri mechi moja miaka 21 na walipopewa wakapewa mbili kwa wakati mmoja, bila ran hata moja.

Sasa niseme kinachoniudhi. 2023 walishinda 88, wakakosa kwa mechi moja, na baada ya msimu bosi wa masuala ya besiboli, Jerry Dipoto, akasimama mbele ya waandishi akaeleza kwamba lengo ni kushinda asilimia 54 ya mechi kwa miaka kumi, hapo ndo unapata nafasi ya kufika mbali. Aliomba radhi baadaye kwa jinsi alivyoongea. Ila chukua kikokotoo. Asilimia 54 ya 162 ni mechi 87 na nusu. Angalia tena miaka niliyoitaja: 87 mwaka 2014 nje, 88 mwaka 2007 nje, 88 mwaka 2023 nje. 2024 wakashinda 85, nje, tena kwa mechi moja. Yaani lengo la klabu lilikuwa limewekwa pale pale kwenye kizingiti, sio ndani sio nje. Kibiashara sio ujinga, timu ya mechi 87 inauza tiketi mpaka wiki ya mwisho ya Septemba kwa sababu hesabu bado hazijafungwa, na mashabiki wataendelea kuja na vikokotoo vyao. Ila shabiki ndo anayelipia ile presha, na anailipia kila mwaka.

2025 ikaja tofauti kidogo. Kocha sasa ni Dan Wilson, ambaye alikuwa mdakaji wa timu ile ya 1995. Tarehe 23 Septemba wakaifunga Colorado 4-3 wakakata tiketi, kesho yake wakachukua kundi, la kwanza tangu 2001, na Raleigh yuleyule akapiga hom rani ya 59 na ya 60 usiku mmoja. Wakafika mechi ya saba ya kugombea fainali, Toronto, wanaongoza 3-1 iningi ya saba, George Springer akapiga hom rani ya ran tatu. 4-3. Mpaka leo ndo timu pekee kwenye ligi nzima ambayo haijawahi kucheza fainali ya World Series.

Asubuhi ile ya Oktoba 2025 nilingoja voisi, haikuja. Ilipofika jioni ya kwetu nikaandika mwenyewe, pole shem. Akajibu kwa maandishi, anaulizia bei ya bati huku maana anataka kuezeka nyumba ya mama kabla ya Desemba. Tukaongea bati nusu saa. Mwishoni kabisa akaandika: "Ila mechi ya kwanza mwakani ni nyumbani."